Kabla ya kuuza kiwanja: Mambo ya kujua mtoto anapotaka kusomea fiziotherapia Marekani

Ni saa mbili usiku Morogoro, saa saba mchana Columbus, jimbo la Ohio. Simu ya mama inaita kwenye WhatsApp.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

Binti hajibu habari ya chakula. Ana habari kubwa zaidi. Vyuo vikuu viwili vimemkubali kusomea fiziotherapia. Kimoja ni cha binafsi, chenye jina ambalo hata majirani wamewahi kulisikia. Kingine ni cha serikali ya jimbo analoishi, na huku nyumbani hakuna anayekijua. Ana wiki mbili za kujibu na kulipa fedha ya kushikilia nafasi. Anachouliza ni kimoja tu: kile kiwanja cha Kihonda alichoacha marehemu baba, kinaweza kuuzwa?

Familia hii unaweza kuiita kwa jina lolote. Ipo Morogoro, ipo Mombasa, ipo Bukoba. Ni mfano wa familia nyingi ambazo watoto wao wanaishi Marekani kwa ukaazi wa kudumu, wamemaliza shahada ya kwanza, na sasa wanataka taaluma yenye ajira ya uhakika. Fiziotherapia ni mojawapo ya taaluma hizo. Lakini ni safari ndefu na ya gharama, na mara nyingi uamuzi unafanywa kwa kuangalia kitu kimoja tu, nacho ni jina la chuo.

Mama huyu ni mwalimu mstaafu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anachukua daftari, anapiga mstari katikati ya ukurasa, chuo kimoja kushoto na kingine kulia. Kisha anaanza kuuliza.

Kwa nini asome tena miaka mitatu?

Swali la kwanza ni la wazazi wengi. Mtoto ameshasoma miaka minne, ana shahada. Hapa nyumbani, mhitimu wa shahada ya kwanza ya fiziotherapia kutoka Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi anaingia wodini na kuhudumia wagonjwa wa kiharusi, waliovunjika mifupa na watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa nini Marekani isiwe hivyo?

Jibu lipo katika historia ya taaluma hiyo nchini humo. Ilianza na mafunzo mafupi ya kuwahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapanda hadi shahada ya kwanza, kisha ya uzamili. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Creighton, jimbo la Nebraska, kilianzisha programu ya udaktari kwa wanaoingia katika taaluma. Vyuo vingine vikafuata, na tangu Januari 2016 programu zote zenye ithibati za kuandaa wataalamu wa fiziotherapia zinatakiwa kutoa shahada ya udaktari wa fiziotherapia, inayojulikana kwa kifupi kama DPT.

Kwa kawaida DPT huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Zipo programu zilizobanwa zikawa fupi zaidi, lakini masomo ni yale yale na mwanafunzi hukosa hata nafasi ya kupumua. Kabla ya kuomba, mwanafunzi awe amesoma masomo ya msingi kama anatomia na fiziolojia, kemia, fizikia, biolojia, takwimu na saikolojia. Vyuo vingi pia hutaka ushahidi wa saa alizokaa akiangalia wataalamu wakifanya kazi, pamoja na barua za watu wa kumthibitisha. Maombi kwa vyuo vingi hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao PTCAS.

Jambo moja familia ilielewe mapema ili kuepusha aibu ya baadaye. Mwenye DPT ni daktari kwa shahada, si daktari wa tiba. Hafanyi upasuaji, na ndugu wasitarajie amwandikie bibi dawa za presha kwa simu. Kazi yake ni kupima mwendo, nguvu na maumivu ya mwili, kisha kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kuinama na kushika kikombe. Si kazi ndogo. Majimbo yote 50 ya Marekani yanamruhusu mgonjwa, kwa kiwango fulani, kumwendea mtaalamu huyu moja kwa moja bila kuandikiwa na daktari.

Jina la chuo si jina la programu

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Chuo kinaweza kuwa na umri wa miaka mia na timu ya mpira inayoonekana kwenye televisheni, lakini programu yake ya fiziotherapia ikawa imefunguliwa juzi.

Cha kuangalia ni ithibati ya programu yenyewe. Marekani, kazi hiyo hufanywa na tume iitwayo CAPTE, ambayo hukagua walimu, mitaala, maabara na matokeo ya wanafunzi. Orodha ya programu zilizothibitishwa ipo wazi kwenye tovuti yake, na mzazi aliyeko Morogoro anaweza kuifungua kwenye simu yake.

Programu mpya hupewa kwanza hadhi ya kusubiri, maana yake imeruhusiwa kupokea wanafunzi lakini haijapata ithibati kamili. Uamuzi wa ithibati hufanyika wakati kundi la kwanza linakaribia kuhitimu. Programu nyingi zinazofika hatua hiyo hazina ubaya wowote, na baadhi zina walimu wazuri na vifaa vipya kabisa. Ila hadhi ya kusubiri si ahadi. Ithibati ikikosekana, mhitimu anaweza kujikuta na cheti mkononi lakini akakosa ruhusa ya kufanya mtihani wa leseni. Na bila leseni, hakuna jimbo litakalomruhusu kumgusa mgonjwa kama mtaalamu wa fiziotherapia.

Binti anaulizwa na mama yake: "Hicho chenye jina kubwa, kina hiyo ithibati?"

Anafungua tovuti. Kimya kidogo. "Mama, kimeandikwa kinasubiri. Kundi la kwanza halijahitimu."

Mama anaandika upande wa kushoto: *kinasubiri*. Upande wa kulia: *kimethibitishwa*. Hajasema kibaya na kizuri. Ameandika tu anachokiona.

Wangapi wanaingia, wangapi wanatoka

Baada ya shahada unakuja mtihani wa kitaifa uitwao NPTE. Unaendeshwa na shirikisho la bodi za fiziotherapia za majimbo, FSBPT. Alama zake hutolewa kwa kipimo cha kuanzia 200 hadi 800, na ili kufaulu mtahiniwa anahitaji 600. Anayefeli anaweza kurudia, lakini si bila kikomo: hawezi kuzidisha mara tatu ndani ya miezi 12, wala mara sita katika maisha yake yote. Na akipata alama 400 au chini yake mara mbili, mlango unafungwa kabisa.

Kwa hiyo swali la pili la msingi ni hili: wanafunzi wa chuo hiki wanafaulu kwa kiasi gani?

CAPTE inataka kila programu ifikishe wastani wa angalau asilimia 85 ya wahitimu wake kufaulu mtihani huo hatimaye, ukihesabiwa kwa miaka miwili. Inataka pia angalau asilimia 80 ya wanaoingia wahitimu. Takwimu hizi chuo kinalazimika kuzitangaza kwenye tovuti yake. Kama hazionekani, muulize ofisa udahili. Kama hataki kuzitoa, hilo nalo ni jibu.

Zipo njia mbili za kusoma takwimu hizo kwa makini. Kwanza, "kufaulu hatimaye" si sawa na "kufaulu mara ya kwanza". Mhitimu aliyefaulu mara ya tatu anahesabiwa kuwa amefaulu, lakini amepoteza miezi bila mshahara huku deni likizidi kuota mizizi. Ulizia zote mbili.

Pili, usiangalie ufaulu peke yake. Shule ya sekondari inayotaka sifa ya kufaulisha inaweza kuwazuia wanafunzi dhaifu kufanya mtihani, na wazazi wa hapa nyumbani wanaijua hadithi hiyo vizuri. Chuo chenye ufaulu wa asilimia 100 lakini kinachopoteza mwanafunzi mmoja kati ya watano njiani kinastahili kuulizwa hao wa tano walienda wapi, na walirudishiwa ada au walibaki na deni. Takwimu ya kuhitimu na takwimu ya kufaulu zinasomwa pamoja.

Chuo cha serikali cha binti huyu kina takwimu za miaka kadhaa mfululizo. Kile cha jina kubwa hakina hata moja, kwa sababu hakuna aliyemaliza.

Hesabu ya fedha bila kujidanganya

Sasa kinafika kile kilichomfanya apige simu.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na chama cha fiziotherapia cha Marekani, APTA, ilionyesha kuwa wataalamu wapya walikuwa na wastani wa deni la jumla, bila kuhesabu mkopo wa nyumba, linalozidi dola 150,000. Mshahara upo mzuri, lakini si wa kulifuta deni hilo kwa mwaka mmoja. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati wa mtaalamu wa fiziotherapia ulikuwa dola 101,020 kwa mwaka kabla ya kodi. Maana yake ni kwamba nusu yao wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata pungufu, na anayeanza kazi kwa kawaida yupo katika nusu ya chini.

Chukua mfano wa binti huyu. Tuseme chuo cha binafsi kinataka dola 50,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa miaka mitatu. Chuo cha serikali, kwa kuwa yeye ni mkazi wa jimbo hilo, kinataka dola 25,000 kwa mwaka, yaani 75,000. Akikopa ada yote kwa riba ya asilimia 8 na kulipa kwa miaka 10, deni la kwanza litamgharimu karibu dola 1,820 kila mwezi, la pili karibu dola 910. Hapo bado hajalipa kodi ya nyumba wala bima ya gari, na hesabu haijagusa riba inayoanza kujikusanya tangu siku anayokopa, akiwa bado darasani.

Na kile kiwanja? Tuseme kinauzwa shilingi milioni 25. Ni kama dola 10,000. Hiyo ni sehemu moja ya tano ya ada ya mwaka mmoja katika chuo cha binafsi. Urithi wa familia nzima ungeisha kabla ya likizo ya Krismasi, na deni la miaka miwili na nusu iliyobaki lingekuwa palepale.

Kuhusu mikopo, mambo yamebadilika na wazazi wengi hawajasikia. Mikopo ya serikali kuu ya Marekani hutolewa kwa raia na wakaazi wa kudumu, si kwa wanafunzi wenye viza ya masomo. Zamani, mwanafunzi wa shahada ya juu aliweza kutumia mkopo uitwao Grad PLUS kufidia gharama yote iliyobaki. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, mkopo huo unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Vimewekwa vikomo: dola 20,500 kwa mwaka kwa shahada za juu za kawaida, na dola 50,000 kwa mwaka kwa kozi zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma. Kabla ya kusaini chochote, mwanafunzi aiulize ofisi ya mikopo ya chuo kwa maandishi: fiziotherapia ipo katika kundi gani, na kwa mwaka nitapata kiasi gani?

Pengo likibaki, wengi hukimbilia benki binafsi. Benki itataka mdhamini. Hapo ndipo mjomba au shangazi aliyeko Marekani anapigiwa simu aweke saini "ya kusaidia tu". Hakuna saini ya namna hiyo. Mdhamini anadaiwa kama mkopaji mwenyewe. Mtoto akishindwa kulipa, ni nyumba na rekodi ya madeni ya mjomba vinavyoumia. Undugu mwingi umevunjika kwa karatasi moja iliyosainiwa bila kusomwa.

Kuna kosa jingine la hesabu: kudhani kwamba mtoto atafanya kazi huku akisoma, kama alivyofanya katika shahada ya kwanza. Ratiba ya DPT mara nyingi huanza asubuhi hadi jioni siku tano za wiki, na vyuo vingi huwashauri wanafunzi wasifanye kazi kabisa. Bajeti inayotegemea zamu za usiku katika nyumba ya wazee ni bajeti inayotegemea mtoto kutolala.

Kliniki: mahali ambapo ada haionekani

Kwa mujibu wa APTA, karibu asilimia 20 ya mtaala wa DPT ni mafunzo ya kliniki, na kipindi cha mwisho cha kliniki huchukua wastani wa wiki 27 na nusu. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu mwaka mwanafunzi yuko hospitalini au kwenye vituo vya tiba. Kwa kawaida halipwi, lakini anaendelea kulipa ada.

Wazazi husahau kuuliza: vituo hivyo viko wapi? Kuna vyuo ambavyo vina mikataba na hospitali za mji uleule. Kuna vingine humpangia mwanafunzi kituo kwenye jimbo jingine kabisa. Akipangiwa mbali, anatafuta chumba cha miezi mitatu huku akiendelea kulipa kodi ya chumba alichoacha, na anahitaji gari, kwa sababu miji mingi ya Marekani haina daladala ya kukufikisha kazini saa moja asubuhi.

Ubora nao uangaliwe. Mwanafunzi mzuri hatengenezwi na kliniki za magoti na migongo peke yake. Anahitaji kuwaona wagonjwa wa kiharusi, watoto, wazee na waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi. Uliza chuo kinahakikishaje kila mwanafunzi anapita katika aina hizo, na ikitokea kituo kimeghairi dakika ya mwisho, nani anabeba mzigo wa kuchelewa kuhitimu.

Yasiyoandikwa kwenye kijitabu

Kuna mambo matatu ambayo chuo hakitayaweka kwenye picha zake za kuvutia, na ambayo kwa mtoto aliyelelewa Afrika Mashariki yanaweza kuwa mazito.

La kwanza ni maiti. Katika programu nyingi, anatomia ya mwili hufundishwa kwa kupasua maiti, mara nyingi katika muhula wa kwanza. Mtoto aliyekuzwa kuamini kwamba maiti haichezewi anahitaji kuandaliwa. Watu hao walitoa miili yao kwa hiari kabla ya kufa, na vyuo vingi hufanya ibada au kumbukumbu ya kuwashukuru. Ni vizuri jambo hili lizungumzwe nyumbani kabla, si baada ya mtoto kupiga simu usiku akilia.

La pili ni mavazi ya maabara. Wanafunzi hufanyia mazoezi kwenye miili ya wenzao: kushika bega, kupima uti wa mgongo, kukanda paja. Wanaume kwa wanawake huvaa kaptula, na mara nyingine mgongo huachwa wazi. Kwa binti anayejisitiri, au kwa kijana yeyote asiyezoea, hili si jambo dogo. Habari njema ni kwamba vyuo vingi vinaweza kupanga utaratibu, kama kumweka na mwenzake wa jinsia yake au kutumia pazia. Lakini ni lazima aulize mapema na kwa maandishi, si siku ya kwanza ya maabara huku watu thelathini wakimtazama.

La tatu ni kifua kikuu. Kabla ya kwenda kliniki kila mwanafunzi hupimwa, na pia huonyesha ushahidi wa chanjo ikiwemo ya homa ya ini B. Watoto waliozaliwa kwetu wengi walichanjwa BCG, ile inayoacha kovu begani. Chanjo hiyo inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionyeshe maambukizi hata kama hayapo. Mwanafunzi aombe kipimo cha damu, ambacho hakiathiriwi na BCG na ambacho wataalamu wa afya wa Marekani wanakipendekeza kwa waliopata chanjo hiyo. Na kipimo cha damu kikionyesha maambukizi, si mwisho wa safari: hupigwa picha ya kifua, hupewa tiba ya kinga, na wengi huendelea na masomo.

Kwa waliokwisha kusomea nyumbani

Wapo wasomaji ambao watoto wao si wapya katika fani. Wana shahada ya fiziotherapia ya Moshi, Nairobi au Kampala, wana uzoefu wa wodini, na sasa wamehamia Marekani. Wengi huambiwa na marafiki kwamba lazima waanze upya na DPT ya miaka mitatu. Si lazima iwe hivyo.

Kwa mtaalamu aliyesoma nje, bodi ya jimbo hutaka elimu yake ilinganishwe na ya mhitimu wa Marekani, somo kwa somo. Shirika linalojulikana sana kwa ukaguzi huo ni FCCPT. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kukutwa na mapengo, kwa sababu analinganishwa na mtaala wa udaktari, lakini mapengo yanaweza kuzibwa kwa masomo machache badala ya kurudia safari nzima. Mtihani wa Kiingereza pia unaweza kuhitajika, kisha NPTE. Kila jimbo lina masharti yake, na bodi ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho.

Ushauri ni huu: ukaguzi wa vyeti uje kwanza, mkopo wa DPT uje baadaye. Kulipa dola mia kadhaa kujua unakosa nini ni nafuu kuliko kulipa makumi ya maelfu kujifunza unachokijua.

Na kwa anayefikiria kurudi nyumbani siku moja, avitunze vyeti, nakala za matokeo na muhtasari wa kila somo. Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya, kuna baraza maalumu la fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kote huko, karatasi iliyopotea ni miezi iliyopotea.

Maswali saba ya kutuma chuoni

Daftari la mama limejaa. Yale yaliyokuwa kichwani mwake sasa ni maswali saba, ambayo binti anayatuma kwa barua pepe kwa vyuo vyote viwili usiku uleule:

1. Programu ya fiziotherapia, si chuo, ina ithibati kamili ya CAPTE? Kama inasubiri, uamuzi utatolewa lini, na wanafunzi watafanywaje ikikosekana?
2. Katika miaka miwili iliyopita, wangapi kati ya walioingia wamehitimu?
3. Wangapi wamefaulu NPTE mara ya kwanza, na wangapi hatimaye?
4. Gharama yote kwa miaka mitatu ni kiasi gani, ikiwemo ada, michango, vitabu, bima na usafiri wa kliniki? Ada imepanda kwa kiasi gani mwaka hadi mwaka?
5. Vituo vya kliniki viko wapi, na mwanafunzi akipangiwa mbali anasaidiwaje?
6. Kuna ufadhili gani usiorudishwa, na mkopo wa serikali unaishia wapi?
7. Fedha ya kushikilia nafasi inarudishwa nikibadili mawazo?

Kisha kuna swali la nane ambalo haliulizwi ofisini. Zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili, bila ofisa kuwepo. Muulize mwalimu anapatikanaje mtu akikwama, na kama angeanza upya angechagua palepale. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kukubaliwa, na wa mwisho ameshasahau. Wa katikati ndiye anayeijua njaa.

Majibu yanarudi ndani ya siku chache. Chuo cha serikali kinatuma jedwali la miaka mitatu na orodha ya hospitali, nyingi zikiwa ndani ya jimbo. Chuo cha jina kubwa kinajibu kwa adabu, lakini maswali mawili kati ya saba hayana jibu, kwa sababu jibu lake halijatokea bado. Katika daftari, upande wa kulia umejaa na wa kushoto una nafasi nyeupe.

Hapo hakuna anayehitaji kushinda mabishano. Binti mwenyewe ndiye anayesema: "Mama, nadhani nilikuwa napenda kutaja jina lile."

Analipa fedha ya kushikilia nafasi katika chuo cha serikali, kutoka katika akiba yake. Kiwanja cha Kihonda kinabaki. Mwaka huu kitapandwa mahindi kama kawaida, na hati yake imerudi kwenye sanduku lile lile chini ya kitanda. Ikitokea dharura ya kweli katika miaka mitatu ijayo, ugonjwa au msiba, familia bado ina pa kushika.

Wazazi wengi huona kumsaidia mtoto ni kuuza kitu. Wakati mwingine msaada mkubwa zaidi ni kumkalisha mtoto chini, hata kwa simu, na kumsaidia kuuliza kabla hajasaini. Maswali hayauzwi, na gharama yake ni daftari na kalamu.

"Haya," anasema mama kabla ya kukata simu. "Sasa nijibu lile la kwanza. Umeshakula?"